Kifyatuo cha bawaba kinanitoa jasho, naombeni msaada

KapiMbili

Wakuu, habari za humu. Niende moja kwa moja kwenye shida yangu.

Napiga upinde wa kompaundi (ule wenye kapi kwenye ncha zake), navuta kwa mkono wa kulia, mvuto wa pauni 54, nafuu (mzigo unaopungua ukishavuta hadi mwisho) asilimia 80. Kwa hiyo nikishafika ukutani, pale uzi unapogoma kurudi nyuma zaidi, nabaki nimeshikilia pauni 11 hivi. Tangu nianze mchezo huu nimetumia kifyatuo (kifaa cha kushika uzi na kuuachia) cha mkanda, kile kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono na triga yake inabonyezwa kwa kidole cha shahada. Siku za karibuni kikaanza kunishinda: doa la skopu (lenzi ya kulengea) likigusa tu rangi ya njano ya katikati ya shabaha, kidole kinajikunja chenyewe, wala sijakituma. Wenzangu uwanjani wakanishauri nihamie bawaba, ile ya kushika kwa vidole vitatu. Haina triga wala kitufe, unaizungusha taratibu mpaka ndoano inaachia kitanzi kilichofungwa kwenye uzi.

Nimehamia. Ile pupa imeondoka kweli, lakini nimepata mengine. Mara mshale unaondoka nikiwa bado navuta, mkono haujafika hata shavuni, na kifyatuo kimeshanigonga mdomoni. Mara nafika vizuri, nalenga, nazungusha, nazungusha, kimya. Mkono wa upinde unaanza kutetemeka, pumzi inakata, nashusha. Ile michache inayotoka sawasawa inaingia kumi, ndiyo inayonipa moyo. Iliyobaki inakwenda juu kushoto. Nipo mita 50, karatasi ya sentimita 80.

Hii ni setingi, ni mimi, au kifaa hakinifai? Natanguliza shukrani.

Sindano

Rudi kwenye mkanda mkuu, meno hayaoti tena ukubwani 😂

Robota

Sindano huyo msimsikilize, mwenyewe anatumia bawaba.

Mkuu KapiMbili, kabla hatujafika kwenye kifyatuo chenyewe, nijibu: ulipokibadilisha, ulibadilisha na nini kingine? Kitanzi kwenye uzi ni kilekile? Kitundu cha kuchungulia, kile cha kwenye uzi, kipo palepale? Mkono unatulia wapi usoni?

Nauliza kwa sababu ukishabadili kifyatuo unadhani umebadili kitu kimoja tu. Upinde wenyewe haujui habari hiyo. Ukuta upo palepale na uzi unasimama palepale. Kilichobadilika ni umbali kutoka kwenye ndoano hadi kwenye fundo za vidole vyako. Kile cha mkanda uliweza kukirefusha na kukifupisha upendavyo. Bawaba ina urefu wake wa kiwandani, ndio huohuo, na wengi inawasogezea mkono nyuma, karibu na chini ya sikio. Kiwiko nacho kinasogea na kupitiliza mstari wa mshale. Kikishapitiliza, misuli ya mgongo imebana mpaka mwisho na haina tena pa kwenda, halafu wewe unaiomba iendelee kuvuta. Inawezekana kabisa ndiyo sababu unazungusha na hupati kitu.

Fanya jaribio hili. Simama mbele ya robota la kupigia, karibu kabisa, mshale uwe kwenye uzi. Gumba lisitoke kwenye kigingi cha kifyatuo, maana leo hatufyatui. Elekeza katikati ya robota, funga macho, vuta, uache mkono utie nanga, yaani utulie usoni, pale unapotaka wenyewe. Kisha fumbua macho. Je, unaona katikati ya kitundu, au inabidi uinamishe kichwa ukitafute? Pua inagusa uzi? Andika majibu hapa, tusikisie.

Bi Mlengo

Nimeona neno "mdomoni" nikasimama. Tuanze na hilo, mengine yatasubiri.

Mdogo wangu, bawaba inayofyatuka wakati wa kuvuta ina maana moja: mzigo unaubeba kwa vidole visivyostahili. Ukiishika mkononi utaona ndani yake kuna kipande cha chuma cha mviringo, tunakiita mwezi, na ukingoni mwake kuna ncha. Ndoano imeegemea hapo. Mpini ukizunguka kiasi fulani, ncha inapita, ndoano inafunguka. Basi, hakuna siri nyingine ndani. Kidole cha shahada ndicho kinachozuia mpini usizunguke. Kidole cha kati na cha pete ndivyo vinavyouzungusha. Ukianza kuvuta huku umekaza kidole cha pete, kama ulivyozoea kukunja ngumi kwenye mkanda, unauzungusha mpini tangu mwanzo wa safari, tena ukiwa kwenye kilele cha pauni 54. Hapo lazima kikugonge.

Utaratibu ni huu. Weka gumba kwenye kigingi chake. Mzigo wote wa kuvuta uwe kwenye kidole cha shahada na hilo gumba, vile vingine vipo tu vimejikunja. Mpini unakuwa umelalia mbele, upande wa shahada. Vuta mpaka ukutani. Tia nanga. Tulia. Sasa toa gumba kwenye kigingi polepole, usilirushe. Hapo ndipo mzigo unaanza kuhama kuelekea kidole cha kati na cha pete. Huvikazi wewe, shahada ndiyo inalegea na hivyo vingine vinaupokea. Ikiwa bawaba yako ina mlio, utausikia "tik" karibu na hapo. Baada ya mlio safari iliyobaki ni ndogo sana.

Na kushusha kuna utaratibu wake, watu hawaufundishi. Ukiona mambo hayaendi, rudisha gumba kwenye kigingi, rudisha mzigo kwenye shahada, halafu ndipo ushushe, mshale ukiwa bado umeelekea robota. Usishushe kwa ngumi.

Mwisho kwa leo: usivute tena upinde na kifyatuo hicho mpaka umekizoea kwenye kamba. Kata kamba imara, ifunge iwe kitanzi kikubwa ambacho ukikivuta, mkono mmoja mahali pa upinde na mwingine usoni, kinakupa urefu uleule wa mvuto wako. Fyatua hapo jioni ukiwa umekaa, umesimama, unaongea na watu. Kamba haina pauni 54, ikikuponyoka haikuumizi.

KapiMbili

Shikamoo Bi Mlengo. Nimekuelewa, na hapo kwenye ngumi umenisoma kabisa.

Mkuu Robota, nimefanya jaribio. Nikifumbua macho kitundu kipo juu ya jicho, naona ukingo wake wa chini tu. Pua haigusi uzi, ipo pembeni kidogo. Kiwiko, mwenzangu aliyesimama nyuma yangu anasema kinaelekea mgongoni badala ya kunyooka na mshale. Kitanzi ni kilekile cha tangu zamani. Kitundu sijakigusa.

Bi Mlengo

Marahaba.

Gumba_Kimya

Naombeni niseme neno kwa upande wa sisi wa kitufe cha gumba, maana kila akija mtu na kiwewe cha shabaha anapelekwa kwenye bawaba kama vile hakuna dawa nyingine.

Kiwewe hicho kinatokana na ubongo kuunganisha "naona njano" na "bonyeza", na unaweza kukivunja na kitufe vilevile. Watu hukosea kwa kuweka ncha ya gumba juu ya kitufe. Ncha ya gumba ina wepesi uleule wa kidole cha shahada, umehamisha ugonjwa tu. Kitufe kikae ndani, kwenye bonde la gumba karibu na shina, mahali ambapo huwezi kubonyeza haraka hata ukitaka. Springi iwe nzito, na safari ya kitufe iwe fupi mno, isisikike ikisogea. Halafu gumba likumbatie tu, likae hapo bila kufanya kazi, na mkono wote uendelee kuvuta kuelekea kiwiko. Mshale utaondoka.

Faida yake: wakati wa kuvuta hakuna cha kukugonga mdomoni, maadamu gumba lipo mbali na kitufe. Na upepo ukitulia ghafla unaweza kuharakisha kidogo. Bawaba haikupi hiyo.

Robota

Haikupi hiyo kwa makusudi, mkuu. Hicho unachokiita faida ndicho mgonjwa wetu anachokikimbia.

KapiMbili, majibu yako yamenyooka. Usiguse kitundu kwanza. Najua mkono unawasha kukishusha, lakini ukikishusha leo utakuwa umekiseti kwa ajili ya nanga mbovu, na nanga ikirekebishika utakipandisha tena. Anza na kitanzi. Chako kilikuwa kinafaa kwa mkanda, kwa bawaba kimekuwa kirefu. Kila milimita unayopunguza kwenye kitanzi inarudisha mkono wako mbele milimita hiyohiyo, na uzi haujasogea usoni hata kidogo, ndio uzuri wake. Funga kipya, kifupi, ila si kifupi hadi ndoano ibane nafasi ya mshale au igusane na koki yake, ule mkia unaoshika uzi. Ukimaliza kukifunga, kivute kwa nguvu kwa koleo ya kutanua ili mafundo yajikaze kabla hujakitundikia pauni 54. Na kata ile kamba ndefu inayobaki, choma ncha ivimbe. Kitanzi kikiteleza ukiwa umevuta, utajua kwa nini nimetaja koleo.

Ukishakifupisha, rudia jaribio la macho. Kiwiko kikinyooka na mshale na pua ikigusa uzi, hapo ndipo tuzungumzie kitundu. Kikibaki bado hakilingani, kisogeze. Ikiwa kitanzi hakikutosha, basi urefu wa mvuto wa upinde wenyewe upunguzwe, na hiyo ni kazi ya kwenye kapi, usiifanye kwa kubahatisha.

Kuhusu juu kushoto: juu, kwa pinde nyingi, ni dalili ya kuukandamiza ukuta. Ukivuta zaidi ya ulivyozoea, mshale unapanda. Na unavuta zaidi kwa sababu unahangaika kuizungusha. Kushoto nadhani ni mkono kuusokota uzi. Kile cha mkanda kilikuwa na kiungo laini kati ya mkono na ndoano, ukipinda mkono hakuna aliyejua. Sasa umeushika mpini kwa vidole vitatu, kila unachofanya mkononi kinakwenda moja kwa moja kwenye uzi. Na pua isipogusa uzi huwezi kujua.

Sindano

Sasa niseme kwa kweli, utani kando.

Kuna hadithi inayosimuliwa kila uwanja: "vuta kwa mgongo, bawaba itafyatuka yenyewe." Mgongo hauzungushi bawaba. Ukiwa umefika kwenye ukuta mgumu, mkono hauwezi kwenda nyuma zaidi kwa maana ya kuonekana, na kama mpini hauzunguki ukilinganisha na ndoano, ncha haipiti, hata uvute mpaka misuli ichanike. Lazima kitu fulani mkononi kibadilike. Ama kidole cha shahada kinalegea, ama cha pete kinapokea zaidi, ama kifundo cha mkono kinalainika na mkono unarefuka. Mgongo kazi yake ni kuweka mvuto usipungue hayo yakitendeka.

Nadhani KapiMbili naye ameambiwa "tumia mgongo", akaamini, akaukaza mkono mzima kama mtu anayefungua kifuniko chenye kutu, na mkono uliokazwa ndio kitu cha mwisho kinachoweza kuzunguka. Ukikaza ngumi umeifunga bawaba kwa kufuli. Mimi ningemwambia asahau mgongo kwa muda. Alegeze kifundo cha mkono, mgongo wa kiganja uwe bapa, vidole vishike kama ndoano tu, kwenye mikunjo na si kwenye ncha. Halafu ajifunze kulegeza shahada polepole bila kupunguza mvuto.

Bi Mlengo

Nusu nakubali, nusu nakataa.

Ni kweli mkono ndio unaozunguka. Lakini ukimwambia mtu mwenye kiwewe "legeza shahada", umempa tena kidole cha kusimamia. Wiki ijayo atailegeza ghafla doa likigusa njano, na tutakuwa tumerudi mwanzo, safari hii kwa kinyume. Nimewaona wengi wanaodaka bawaba kwa mkupuo, wanaizungusha yote kwa mpigo mmoja. Ukiwatazama kwa nyuma kiwiko kinaruka.

Kwa hiyo kulegea kuwepo, ila kusiwe amri. Mvuto uendelee kukua kidogo kidogo, na ule mkono laini uusikilize. Ndiyo maana nimesisitiza kamba. Kwenye kamba hakuna njano ya kutamani.

Sindano

Hapo kwenye kudaka kwa mkupuo sina ubishi, mama.

Ila hili la "mshale lazima ukushtukize" nalo lina chumvi. Wapo wanaopiga kwa kitufe huku wakijua vizuri ni lini unaondoka, na wanashinda. Mshtuko ni dawa ya mgonjwa, si sheria ya mchezo.

Mgeni_wa_Kapi

Samahani wakuu kuingilia, ndio naanza mchezo huu. Nimeona kuna aina nyingine, haina kitufe cha kufyatulia na haizunguki, unavuta tu mpaka inaachia. Hiyo si ingekuwa rahisi kwa ndugu KapiMbili?

Gumba_Kimya

Karibu. Hiyo ni ya ukinzani. Ina sefti, unaishikilia kwa gumba wakati wote wa kuvuta. Ukishatia nanga unaiachia sefti, halafu unaongeza mvuto. Ndani kuna springi iliyosetiwa uzito fulani, mvuto ukizidi uzito huo inafunguka. Haijali umezungusha mkono au hujazungusha, kwa hiyo huwezi kuidanganya kwa kidole. Kama zana ya mazoezi naisifu sana.

Ila ina masharti yake. Inasetiwa kwa uzito unaoushikilia ukutani, si wa kilele. KapiMbili anashikilia 11, basi kifyatuo kiwekwe juu ya hapo kidogo, pauni mbili tatu. Ukikiweka chini ya hapo, siku utakayoachia sefti mshale utaondoka palepale. Ukikiweka juu mno utavuta mpaka utoe machozi. Na siku ukipandisha au kushusha pauni za upinde, uzito wa ukutani umebadilika, kwa hiyo kifyatuo nacho kisetiwe upya. Watu husahau hilo. Kingine, kinataka ukuta mgumu. Kama upinde wako ukuta wake unabonyea, kuongeza mvuto kunakuwa ni kuusogeza uzi nyuma, na mishale itapanda na kushuka.

Mgeni_wa_Kapi

Asante sana. Na sheria za mashindano zinaruhusu zote hizi?

Robota

Kwa kompaundi, ndiyo. Sharti la shirikisho la dunia ni kwamba kifyatuo kisiwe kimefungwa kwenye upinde. Pauni zisizidi 60. Ukitaka kuona hilo la kifyatuo limenyooshwa hadi wapi, mtazame Matt Stutzman wa Marekani. Alizaliwa bila mikono. Upinde anaushika kwa mguu, kifyatuo kimefungwa begani kwa mkanda, na anakifyatua kwa taya. Alipata medali ya fedha kwenye Paralimpiki za London 2012 na dhahabu Paris 2024. Kwa hiyo mtu akiniambia "kifyatuo halisi ni cha vidole vitatu", namwonyesha huyo.

Sindano

Taya lake halina pupa. Kidole changu kingejifunza kwake.

KapiMbili

Wakuu nimerudi, na nina habari.

Nilikaa na kamba wiki kadhaa bila kugusa upinde. Mwanzoni hata kwenye kamba nilikuwa nafyatua kwa ngumi. Kilichonisaidia ni kufumba macho na kusikiliza ule mlio. Nikitoa gumba vizuri, mlio unakuja wenyewe, kabla sijafanya chochote. Nikiwa nimekaza, hausikiki kabisa, kisha unakuja pamoja na kufyatuka, tik-tap. Kwa hiyo mlio ukawa kipimo changu. Usipokuja baada ya gumba kutoka, najua mkono umekaza, narudisha gumba na kushusha.

Kitanzi nimekifupisha. Kiwiko kimerudi, pua inagusa uzi. Kitundu kilibaki juu kidogo, nikakishusha kama upana wa uzi wenyewe tu. Ningekishusha siku ile ya kwanza kingekuwa kimekwenda mbali mno.

Nikahamia kwenye robota tupu, bila karatasi, hatua chache tu kutoka lilipo. Hapo mambo yakawa matamu. Mshale unaondoka na mimi nipo tu. Kugongwa mdomoni hakujarudi.

Tatizo limebaki moja. Nikibandika karatasi, hata pale pale karibu, mlio ukisikika mwili wote unajikunja. Najua "sasa inakuja". Doa linadondoka chini ya njano, na kabla halijapanda mshale umeshaondoka.

Bi Mlengo

Ondoa mlio.

Kwenye bawaba nyingi mwezi una pande mbili, au una kijino kimoja unachoweza kukigeuza. Upande mmoja unalia, mwingine kimya. Mlio umekufundisha kulegea, umemaliza kazi yake. Sasa umegeuka kuwa triga ya masikioni. Geuza upande wa kimya, kaza skrubu vizuri, halafu, tafadhali, jaribu kwenye kamba kwanza. Baada ya kugusa skrubu yoyote ya bawaba, kamba kwanza, kila mara. Mwezi uliosogea kidogo tu unaweza kukifanya kifyatuke gumba likiwa bado linatoka.

Na usikiweke kizito mno kwa kuogopa. Bawaba nzito sana inakulazimisha kupinda kifundo ili ifike, ndiko kwenye kusokota uzi. Iwe ya wastani: gumba limetoka, mkono ni laini, na bado unahitaji kuvuta kidogo.

Robota

Niongezee kuhusu karatasi. Usiruke kutoka robota tupu hadi njano. Geuza karatasi, upande mweupe uwe mbele. Unalenga mahali pasipo na katikati. Doa linaelea, liache lielee. Hakuna doa linalosimama kwa mtu yeyote, na mkono ukikazana kulisimamisha ndio unaotetemeka. Ukizoea kuliona likielea bila kulikemea, geuza karatasi ya kawaida, ukiwa bado karibu. Mita 50 ziache kwanza. Kumi kwenye karatasi ya sentimita 80 ina kipenyo cha sentimita 8, ni kubwa kuliko unavyodhani. Doa likizurura humo ndani mshale unaingia humo ndani.

Gumba_Kimya

Na usiuze kile cha mkanda. Siku ya upepo au ukichoka utakitamani.

Sindano

Auze. Akikiweka mfukoni atakichomoa siku ya kwanza ya mashindano.

KapiMbili

😂 Kipo kwenye begi, sijaamua.

Mlio nimeuondoa jana. Nimejaribu kwenye kamba, kisha kwenye robota. Kimya kinatisha kidogo mwanzoni, unakuwa hujui umefika wapi, lakini doa limeacha kudondoka. Kwenye karatasi nyeupe mishale inakaa pamoja, na ule ukushoto umepungua sana. Juu bado kidogo.

Swali langu la mwisho. Mechi za ana kwa ana tunapiga kwa zamu, sekunde 20 kwa mshale. Nikipima sasa, kuanzia kuinua upinde mpaka mshale kuondoka nachukua sekunde kama 12 mambo yakiwa mazuri. Yakiwa mabaya sijui hata mwisho. Sasa kompaundi imeingizwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, timu ya mwanamume na mwanamke, wengi wataanza kufuatilia mchezo huu na mimi nataka angalau niwe nashiriki mashindano bila kuogopa saa. Nifanye nini nikiona mshale hautoki?

Bi Mlengo

12 ni nzuri, usiikimbize. Kinachokutisha si hizo 12, ni zile zinazozidi. Jiwekee mpaka wako mwenyewe, tuseme sekunde saba tangu gumba litoke. Zikipita hujafyatua, gumba kwenye kigingi, shusha. Hapo una nafasi finyu ya kuvuta tena, na wakati mwingine hutakuwa nayo, utapoteza mshale. Kupoteza mshale mmoja kwa mechi yenye mishale 15 kunauma, lakini kulazimisha kunaharibu na ile inayofuata. Kwenye mazoezi shusha makusudi mara nyingi, hata ule unaohisi ni mzuri. Mtu asiyezoea kushusha hawezi kushusha siku ya saa.

Sindano

Na wakati wa kusubiri zamu yako usikiache kifyatuo kimening'inia kwenye kitanzi huku unamwangalia mpinzani. Gumba likisahau, utampigia ardhi. Tundika ndoano zamu yako ikifika.

KapiMbili

Nimeelewa wakuu. Bi Mlengo, sekunde saba nitazihesabu vipi nikiwa nimevuta? Nikihesabu kichwani si ndio nitaanza kusikilizia namba badala ya mvuto?

Bi Mlengo

Usihesabu. Mpe mwenzako saa, asimame nyuma yako, aseme "shusha" zikifika saba. Baada ya muda mwili utakuwa umejifunza zilivyo ndefu, na yeye atakuwa hana cha kusema.

Robota

Na huyo mwenzako akiwa nyuma, mwambie aangalie kiwiko. Ile "juu bado kidogo" nadhani iko hapo. Mwambie atazame kama kinashuka gumba likitoka. Kikishuka, piga picha kutoka upande wa mkono wa kuvuta uweke hapa.